Springi ya Sindano

Siku yangu ya kwanza kazini nilipoteza springi ya saa ya mteja, nikamdanganya mwalimu wangu, kisha nikaenda nyumbani nikala nikashiba. Nalisema hili mapema ili asiyetaka habari za mtu wa namna hiyo aende zake. Mnaobaki, karibuni. Nilikuwa fundi wa saa, halafu fundi wa vyombo vya mvua, halafu mstaafu, na katika hayo yote sikumaliza mwaka hata mmoja bila kuikumbuka ile springi.

Jina langu ni Selina Ayuma. Mama yangu alikuwa mshonaji mjini Kakamega, na cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka moja karibu na soko. Duka lenyewe lilikuwa la fundi wa saa kutoka Mumias. Mji mzima ulimwita Maalim, kwa kuwa aliwasomesha watoto Kurani kabla hajaanza kushika saa za watu. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, karo ya kuendelea haikuwepo, basi nikawa nashinda pale verandani nikimtungia mama uzi kwenye sindano. Siku moja Maalim alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akanitazama kwa muda.

"Mama Selina," akasema, "huyu binti anatunga uzi bila kuulamba?"

"Tangu mdogo. Hajawahi kulamba."

"Na jicho hafinyi?"

"Afinye ya nini na tundu analiona?"

"Basi Jumatano umlete ndani."

Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yangu ya ajira. Wasichana hawakuwa wakifanya kazi ile, na watu walisema. Mama aliwajibu kwamba mlango wa duka uko wazi, cherehani yake iko hatua tatu kutoka hapo, na mwenye wasiwasi alete kiti akae naye.

Jumatano nikaingia. Meza ya Maalim ilikuwa chini ya dirisha ambalo jua halikulipiga moja kwa moja. Juu yake palikuwa na bilauri za chai zilizofunikwa kifudifudi, na chini ya kila bilauri vipande vya saa moja, ili vumbi lisiviingie wala vya huyu visichanganyike na vya yule. Palikuwa na vibano vya ncha kali kama mwiba, bisibisi ndogo kuliko njiti ya kiberiti, na ile lenzi ambayo fundi huibana kwenye jicho kwa nyama ya uso. Nilipoibana mara ya kwanza ilianguka, ya pili ikaanguka, ya tatu ikashika, na nikaona kidole changu mwenyewe kimekuwa shamba lenye matuta. Nilicheka kwa sauti.

"Umecheka sana," Maalim akasema. "Hapa ukicheka unapeperusha mali ya watu. Ukipiga chafya ndio kabisa, utamlipa mtu saa yake. Pumua kwa pua, polepole."

Kisha akanionyesha desturi ya duka lake. Kila saa aliyoigusa, alikwaruza kwa ncha ya sindano ndani ya kifuniko cha nyuma: nyota ndogo, na chini yake tarehe. Wenye saa hawakujua. Ni fundi tu, akiifungua, ndiye angeona.

"Ukigusa saa ya mtu, andika," aliniambia. "Hata kama umeharibu. Fundi wa kesho ajue amuulize nani."

Siku hiyo juu ya meza palikuwa na saa ya mfukoni, ya fedha, yenye mnyororo. Uso wake ulikuwa na ufa mwembamba karibu na saba. Ilikuwa ya Mzee Enoka wa Chekalini, huko Lugari, ambaye zamani alikuwa mnyapara kwenye shamba la mahindi la mzungu. Mzungu alipoondoka alimwachia saa hiyo, na wakati huo ilikuwa tayari ni kitu cha kale. Maalim alikuwa ameisafisha, ameitia mafuta, na Mzee Enoka angeichukua kesho yake asubuhi. Maalim aliitia ufunguo mbele yangu, yaani alikizungusha kile kitufe cha juu, nayo ikasema trrr, trrr, trrr.

Mimi nikapagawa na ile sauti. Inatoka wapi? Ni nini kinachosema trrr?

"Naenda kuswali alasiri," Maalim akasema akivaa kofia yake. "Usifungue kitu mpaka nirudi. Umesikia?"

"Nimesikia, Maalim."

Na nilisikia kweli. Shida yangu haikuwa masikio.

Sasa niwaeleze, maana msipolielewa hili hamtaelewa mengine. Ndani ya saa ya namna hiyo mna springi kubwa iliyojiviringa, ambayo ndiyo nguvu yote. Unapotia ufunguo unaikaza, na kuna gurudumu la meno linalozunguka nayo. Kando ya gurudumu kuna kipande kidogo tunachokiita kidole. Kidole hudondoka kwenye kila jino, trrr, na kulizuia gurudumu lisirudi nyuma. Na kinachokisukuma kidole kikae kwenye meno ni springi nyingine, ndogo mno, imepinda kama ukucha uliokatwa. Hiyo ndogo ikikosekana, kidole hulala, gurudumu hurudi, na saa haishiki ufunguo hata ukiutia kutwa nzima.

Nilifungua kifuniko. Nikakiona kidole. Nikataka kuona kilicho chini yake, nikafungua skrubu yake. Fundi yeyote anayesoma hapa tayari ameshika kichwa. Springi kubwa ilikuwa imekazwa yote! Ilijifungua kwa mpigo mmoja, brrrr, saa ikanitetemekea mkononi, na ile ndogo ikaruka. Niliisikia ikigonga mahali, ti, halafu kimya.

Yesu wangu! Nilipiga magoti. Nilipekua sakafu, nikakung'uta sketi, nikachambua vumbi la pembeni kwa kibano, chembe moja moja. Hakuna kitu. Msikitini walikuwa karibu kumaliza. Nilijiona narudishwa verandani siku ileile niliyotolewa, mbele ya wale waliosema, na mama yangu akitazama chini.

Ndipo nikafikiria kwa akili ya mtoto wa mshonaji. Springi ni chuma chembamba. Sindano ni chuma chembamba. Nilitoka nikamwambia mama Maalim anataka sindano. Nikaipasha kwenye makaa ya pasi yake mpaka ikawa nyekundu, nikaikunja kwa koleo, nikaiacha ipoe yenyewe juu ya jiwe, nikakata mkia. Nikaisukuma mahali pake, nikafunga skrubu, nikatia ufunguo. Trr. Trr. Ilikuwa sauti ya uvivu kidogo, lakini ilikuwa sauti. Maalim aliporudi nilikuwa nimekaa na mikono mapajani kama mtoto wa kipaimara.

"Hujafungua kitu?"

"Hapana, Maalim."

Kifunikoni sikukwaruza alama yoyote. Mwizi gani huacha jina lake?

Kesho yake Mzee Enoka akaja, mrefu, na koti lake la kanisani. Aliishika saa, akaitia ufunguo pale pale, trr, trr. Maalim alikuwa ameinamia kazi nyingine. Nilimwona akiinua kichwa. Kisha akairudia kazi yake. Mzee alikuwa anaharakisha basi, watu wengine wawili walikuwa wanangoja, nami nilikuwa nimesimama hapo katikati na gauni langu jipya.

"Kwako ni upande gani wa Chekalini, mzee?" Maalim akauliza, kwa adabu tu, nilivyodhani.

"Ukifika senta uliza Enoka mnyapara. Hata kuku watakuonyesha."

"Inshallah. Safari njema."

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Nilipofika Maalim alikuwa amevaa viatu vya safari na ameshika kijimkoba. Alinipa ufunguo wa duka, mimi, siku ya tatu kazini! Akasema nipokee saa za watu, niandike majina, nisifungue kitu.

"Na swala ya Ijumaa, Maalim?"

"Mungu anajua nilipo."

Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa nimevimba kwa fahari. Nilijiambia kwamba anaenda kwao Mumias, na kwamba ameniamini. Jioni alirudi viatu vimejaa vumbi jekundu, na kwapani amebana kuku wa madoadoa.

"Mpelekee mama yako," akasema.

Nyumbani tulielewa kwamba ni kuku wa kunipokea kazini. Mama alimpika, tukamla na obusuma, ule ugali wetu, nami nikapewa paja. Nilimla yule ingokho nikijiambia kwamba kumbe mambo huisha hivi, kimyakimya.

Wiki mbili baadaye Maalim alitoka verandani akamwomba mama sindano moja. Akaingia nayo ndani akaiweka mbele yangu. "Leo utajifunza kutengeneza springi."

Sindano, jamani. Kati ya vyuma vyote vya dunia hii, alichagua sindano, na mimi ninayejisifu kwa udadisi sikujiuliza hata kidogo.

Alinifundisha hivi. Sindano unaipasha kwanza ilainike, unaipiga bapa, unaichonga kwa tupa, unaikunja. Halafu unaipasha tena mpaka iwe nyekundu na kuitumbukiza kwenye mafuta. Hapo inakuwa ngumu, lakini ngumu ya kipumbavu, ukiigusa inakatika. Basi unaisugua mpaka ing'ae, unaiweka kwenye kijiko chenye unga wa shaba, na kukishika kijiko juu ya moto mdogo. Sasa tazama, usipepese. Chuma kinabadilika rangi. Kinakuwa njano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na ghafla kinakuwa bluu. Hapo ndipo unakitoa. Ukichelewa kidogo bluu inafifia na springi inakuwa laini tena.

"Na ukiiacha tu ipoe yenyewe, bila mafuta?" niliuliza, kwa sauti ndogo.

"Hiyo si springi," akasema. "Hiyo ni waya wa kufungia kuku. Itasukuma wiki mbili, tatu, kisha italala."

Kumbe ile yangu ya Chekalini ilikuwa na wiki tatu za kuishi! Nilianza kuhesabu siku. Kila alipopita nje mtu mrefu mwenye koti, niliinamia meza. Wiki tatu zikapita, miezi, mwaka. Mzee Enoka hakurudi. Na jambo la ajabu, hakuna mtu yeyote wa Chekalini aliyekuja. Matete walileta saa, Malava walileta, Butere walileta. Watu wa Chekalini walizipelekanga Eldoret. Nilimuuliza Maalim sababu, naye akasema labda nauli ya Eldoret ni nafuu.

Nilikaa naye miaka minane. Alikuwa mkali. Akikuona umeshika kibano vibaya angekuuliza kama unachuma mboga. Lakini sikuwahi kumsikia akimsema fundi wake mbele ya mteja, na kazi yangu nikaijua. Tulipofika miaka ya saa za betri, wateja wakapungua hadi bilauri zikarudi kunywewa chai. Maalim aliniandikia barua mwenyewe kwenda idara ya serikali iliyoshughulika na hali ya hewa, kisha akarudi Mumias, ambako alifariki miaka michache baadaye. Nilikwenda mazikoni. Sikumwambia. Ningemwambia nani tena?

Kituo changu cha kwanza serikalini kilikuwa Isecheno, msituni. Mnashangaa fundi wa saa anafanya nini na mvua. Chombo cha kupima mvua cha wakati ule kilikuwa na pipa dogo lililozungushiwa karatasi, na kalamu iliyochora mstari kila tone likiingia. Pipa hilo lilizungushwa na saa iliyofichwa ndani yake, ya kutiwa ufunguo kila Jumatatu. Saa ikisimama, mvua inanyesha na serikali haijui ilinyesha lini. Mkuu wa kituo tulimwita Bwana Msitu, mtu mnene mwenye haya, naye alinipokea kwa malalamiko: pipa lilikuwa linasimama kila Jumanne. Vijana wake walikuwa wameliombea hata sala.

Nililifungua. Ndani kulikuwa na nta nyeusi, na nyuki wale wadogo wasiouma wakitoka kwa mstari kama wenye nyumba walioamshwa.

"Serikali imenunua saa," Bwana Msitu akasema, "na nyuki wamejenga."

"Kodi wanalipa?" nikamuuliza. Alicheka mpaka akakaa chini.

Niliipenda Isecheno. Asubuhi moja aliniita nje kwa kidole, akanionyesha juu ya mti yule ndege mkubwa wa bluu wa msitu ule, mkia umeshuka. Nikasema, "Hiyo! Hapo hapo! Itoe!" Akadhani nimechanganyikiwa. Ilikuwa bluu ya springi iliyoiva, na Maalim alikuwa hayupo nimwonyeshe.

Kutoka Isecheno nilihamishiwa Matete, chini ya mama mmoja tuliyemwita Msimamizi wa Vyombo. Alikuwa na daftari la kila kitu na hakuamini kitu kisichokuwemo. Kutoka Matete hadi Chekalini si mbali. Jumamosi moja nilijikaza, nikavaa, nikafika hadi senta, nikasimama mbele ya posho mill ya kusagia mahindi. Nilikuwa nimepanga kila neno. Mtu mmoja akaniuliza, "Dada, unatafuta nani?" Nikajibu, "Natafuta gari la kurudi."

Jumatatu Msimamizi aliniuliza nilitembea wapi. Nikamwambia.

"Na ulichoendea?"

"Sikukifanya."

"Basi hukuenda," akasema, akafunga daftari. Alikuwa hajui nazungumzia nini, na bado alinimaliza.

Nilistaafu kwa keki na blanketi, kama wengine. Nyumbani Kakamega niliweka meza yangu chini ya dirisha, bilauri zikarudi kazini, na watu wachache wenye saa za babu zao wakanipata. Wengi huleta saa zilizooshwa kwa mafuta ya taa na mafundi wa barabarani. Naziosha upya na kuwatukana kidogo. Miaka mingi ikaenda hivyo.

Mwaka huu, baada ya kupanda mahindi, alikuja msichana anayeitwa Mercy, mwanafunzi hapa mjini. Alitoa kwenye begi lake soksi ya mtoto, na ndani ya soksi saa ya mfukoni.

"Kukhu, wamesema ni wewe tu unawezanga hizi," akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu. "Fundi wa stendi amesema hii imekufa, tutupe tu. Lakini ni ya kukhu wetu wa Chekalini. Macho yake yameisha kabisa. Hiyo saa yeye hulalanga nayo kwa sikio. Tangu isimame hata kula anakula kidogo."

Sikuhitaji lenzi. Niliuona ule ufa karibu na saba.

"Babu yako," nikasema, "alikuwa anaitwa nani?"

"Enoka. Alikufa kitambo. Sikumwona."

Nilikizungusha kitufe. Kilikwenda bure na kurudi bure, bila trrr. Kidole kimelala. Nikamwambia mtoto aende, arudi Jumamosi, maana sikutaka anione nikiifungua. Baada ya miaka zaidi ya hamsini springi yangu imelala, nikajiambia. Halafu yule fundi aliyebaki ndani yangu akaniuliza: imelalaje leo, ilhali ilikuwa na wiki tatu tu za kuishi?

Nikafungua. Springi ilikuwa imekatika vipande viwili, mahali ambapo kutu ilikuwa imeitafuna. Nikaitoa, nikaiweka juu ya karatasi nyeupe, nikabana lenzi. Haikuwa yangu. Yangu ilikuwa kijisindano kilichokunjwa kwa koleo. Hii ilichongwa, kingo zake zimeviringishwa, ncha imepigwa msasa ikawa laini kama punje ya wimbi. Na chini ya ile kutu, bado ilikuwa bluu. Duniani nilijua mkono mmoja tu uliomaliza springi hivyo.

Nikageuza kifuniko kwenye mwanga. Palikuwa na mistari. Kwanza nyota yake na tarehe ya alipoisafisha. Chini yake, kwa ile S yake iliyolala kama imechoka, aliandika S.A., na tarehe ya Jumatano ile. Chini yake nyota tena, na tarehe ya Ijumaa.

Ijumaa! Nilikaa na ile saa mkononi nikasema, kwa sauti, peke yangu nyumbani, "Maalim, ulikwenda Chekalini." Nikalia. Nililia kwa aibu, na kwa kumkosa, na kwa hasira kidogo pia, kwamba aliniacha nibebe mzigo ambao yeye alikuwa ameshautua.

Springi mpya niliitengeneza kwa sindano kutoka kwenye kopo la mama, ambalo ninalo hadi leo. Ya kwanza niliichoma. Ya pili ilikatika kwenye kibano, kwani mikono yangu si ile. Ya tatu ilipita njano, ikapita kahawia, zambarau, na ilipofika bluu niliitoa. Nikaiweka mahali pake, nikatia ufunguo. Trrr, trrr, trrr. Lakini kifunikoni sikuandika chochote bado. Mercy aliporudi Jumamosi nilimwambia simpi saa, naipeleka mwenyewe.

Mama Rasoa, mjane wa Enoka, alikuwa amekaa kwenye kiti cha uani, mdogo, safi, macho meupe. Nilimwekea saa kwenye kiganja. Aliitambua kwa kidole gumba, akatia ufunguo, akaiweka sikioni. Mdomo ulikuwa unamcheza.

"Ni yenyewe," akasema mwishowe. "Mwanangu, umetoka Kakamega? Zamani kulikuwa na fundi huko, wa Mumias, mwenye kofia. Alikuja hapa hapa."

"Alikuja?"

"Mzee alikuwa ameleta saa jana yake tu. Huyo mtu akaja akisema amekosea. Amesahau kitu kwa saa. Akaomba meza, akakaa hapo kwenye jua, akafungua, akafunga. Akaomba msamaha kama mtoto. Tukamhurumia, tukampa kuku wa madoadoa." Akacheka kidogo. "Mzee wangu alikuwanga na mdomo. Aliambia Chekalini yote, kanisani, sokoni: huyo wa Mumias msimpelekee, anasahaunga. Hata akirudi mwenyewe, fundi ni wa kusahau kweli?"

Mercy alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Nilihisi joto likinipanda shingoni kama msichana wa miaka kumi na mitano.

"Mama," nikasema, "Maalim hakusahau kitu. Alikuwa fundi bora kuliko wote niliowaona. Aliyeharibu ni mimi. Nilikuwa mwanafunzi wake, siku ya kwanza. Nilifungua nilichokatazwa, nikaweka takataka ndani, nikanyamaza. Alikuja hapa kujisingizia kosa langu. Na mimi sikujua mpaka juzi."

Mama Rasoa aligeuza uso wake kunielekea.

"Na kuku?"

"Nilimla mimi. Na mama."

"Alikuwa mtamu?"

"Sana."

"Aka!" akasema, na akacheka mpaka machozi yakatoka kwenye yale macho yasiyoona. Halafu uso wake ukabadilika. "Lakini hilo jina tulilompa lilikuwa baya. Tulimharibia mtu. Nani atalisafisha?"

"Walioambiwa wengi wamekufa, mama."

"Watoto wao wako." Akaishika saa kwa mikono miwili. "Jumapili nitasimama."

Nilimwomba anirudishie saa dakika mbili. Nikakaa pale kwenye jua, mahali aliponionyesha kwa mkono, nikatoa sindano, na chini ya nyota ya Ijumaa nikaandika S.A. na tarehe ya siku hiyo. Kisha nikamrudishia.

Mercy alinipigia simu Jumapili jioni. Alisema kukhu alishikwa mkono hadi mbele ya kanisa wakati wa matangazo, baada ya tangazo la mbegu na kabla ya lile la harusi, akasema kwamba Maalim, fundi mwenye kofia kutoka Mumias, hakusahau kitu, kwamba mwanafunzi wake bado anatengeneza saa Kakamega, na kwamba nyumba ya Enoka inaomba msamaha. Wazee wawili waliitikia. Vijana hawakujua anaongea habari gani.

Jumanne asubuhi nilisikia hodi. Mlangoni alisimama mwanamume nisiyemjua, amekumbatia saa ya ukutani iliyofungwa kwa leso ya mkewe.

"Natoka Chekalini," akasema. "Namtafuta yule aliyefundishwa na Maalim."

"Ni mimi," nikamwambia. "Ingia, uiweke hapo chini ya dirisha."